Nimetuma Tu Kama Nilivyopokea



Ndugu msomaji, usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, karibu na mpaka wa Kongo. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, wengine wakiteketea bwenini. Ulikuwa msiba wa Kasese nzima. Lakini kabla marehemu hawajazikwa, katika makundi ya WhatsApp niliyokuwemo swali lilishageuka. Halikuwa tena "nani ameua?" bali "hawa Waislamu wanataka nini?"

Tuliumia. Tulisema ni dhulma kumhukumu mtu kwa jina lake au kanzu yake. Tulisema kweli.

Lakini nina jambo la kukiri. Baadaye, hapa Muhokya, pikipiki ya boda boda iliibiwa. Picha ya kijana mmoja ikasambaa kwamba ndiye mwizi. Niliituma katika makundi matatu na kuongeza neno moja: "Akamatwe." Simjui, wala sikumwona akiiba. Baada ya siku mbili pikipiki ilipatikana kwa mtu mwingine kabisa. Nikafuta ujumbe. Kijana alikuwa ameshapigwa.

Je, mimi nina hatia gani? Nimetuma tu kama nilivyopokea.

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze habari kwanza, tusije tukawadhuru watu bila kujua, kisha tukabaki na majuto. Na katika Surat an-Nur, Bibi Aisha (r.a.) alipozuliwa, hakulaumiwa mzushi peke yake, walilaumiwa pia walioipokea habari na kuipitisha. Zaidi ya hayo, wafasiri wanaeleza kuwa aya za An-Nisaa kuanzia 105 zilishuka pale jamaa wa mwizi walipotaka kumsingizia Yahudi wa Madina. Wahyi ukamsafisha Yahudi. Haki haikuangalia nani ni mwenzetu.

Mwingine atasema: bila simu, wanyonge wataonewa kimya kimya. Ana hoja. Novemba 2016 vikosi vya serikali viliposhambulia ikulu ya Rwenzururu hapa Kasese, picha zilizosambaa ziliwafanya wengi waulize yaliyotokea, na Human Rights Watch ikaja kueleza kuwa waliouawa ni zaidi ya 100.

Basi simu si haramu. Tofauti ni hii: shahidi husema alichokiona, mzushi hupitisha asichokijua. Picha ya tukio huomba uchunguzi. Picha ya mtu iliyoandikwa "mwizi" huufunga uchunguzi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, jiulize: nikiitwa mahakamani, naweza kuapa kwa hili? Kama huwezi, lipeleke polisi au kwa mwenyekiti wa LC1, usilipeleke kwa umati. Na ukikosea, kufuta ujumbe si toba. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe arudishiwe heshima yake na kuombwa radhi.

Mimi nimerudi katika makundi yale matatu nikaandika kwamba nilikosea. Kwa kijana mwenyewe bado sijafika. Nitakwenda baada ya swala ya Ijumaa hii, inshaallah. Niombeeni anipokee.

Wabillahi tawfiq.