Mzazi Mzee Akae Wapi?

Huenda mama yako angali ana nguvu za kushika jembe, nawe waona kwamba swali hili halikuhusu. Lakini siku likufikapo halipigi hodi. Huja kwa simu itokayo Sumbawanga au kijiji fulani cha Nkasi: mama ameanguka njiani akitoka kisimani, au baba aliwasha moto akausahau, na jirani ndiye aliyeuona moshi. Hapo ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa Mbeya, mwingine Mpanda na mwingine Dar es Salaam, huulizana: Je, mzee wetu akae wapi?

Wako wasemao kwamba swali hili ni la Ulaya, ambako wazee huwekwa katika nyumba za kulipia, na kwamba sisi hatuwatupi wazee wetu. Maneno haya ni matamu, ila hayasemi kweli yote. Serikali ya Tanzania inayo makazi ya wazee tangu zamani: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Ipuli Tabora, na Unguja ziko nyumba za Sebleni na Welezo. Nyumba hizo zina watu, nao hawakuzaliwa humo.

Hata hivyo, yafaa tufahamu kwamba makazi ya serikali ni ya mzee asiye na ndugu wala uwezo, na afisa wa ustawi wa jamii ndiye achunguzaye hali yake. Basi mtu mwenye mshahara atakaye mama yake apokelewe humo hana budi kwanza ajifiche, asemwe kwamba hayupo. Huo ni uongo, tena ni uongo unaochukua kitanda cha yule ambaye kweli hana mtu. Kwa familia nyingi za Ufipa, basi, mlango huo haupo. Hubaki mambo mawili: kumhamisha mzee au kumwacha kwake na kumtafutia mtu.

Kumhamisha huonekana kuwa ndiyo heshima kubwa. Lakini tazama vema. Mama aliyeishi miaka sabini juu ya uwanda ule, yapata mita 1,800 juu ya bahari, ambako mwezi wa Juni watu huota moto asubuhi, anateremshwa mpaka joto la pwani. Anapewa chumba cha uani. Mwanawe huondoka alfajiri na kurudi usiku; wajukuu hawajui Kifipa; msichana wa kazi hajui kwa nini bibi hataki wali kila siku na aulizia ugali wa ulezi. Hana shamba la kutazama wala jirani wa kumwamkia. Je, hiyo si nyumba ya wazee yenye mzee mmoja? Tofauti ni kwamba kule Nunge angepata angalau mwenzake wa kuzungumza naye.

Kumwacha nako kuna hatari yake, na Sumbawanga hatari hiyo ina sura ambayo haifai tuifumbie macho. Wenyeji wengi hulieleza jina la mji huo kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Uchawi waweza kutupwa, lakini dhana haitupwi upesi. Bibi akaaye peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, aanzaye kusema maneno yasiyoshikamana kwa sababu ugonjwa wa usahaulifu umemwingia, aweza kugeuka mshukiwa mtoto wa jirani afapo. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa dhana kama hiyo. Basi mtu alalaye nyumbani na mzee, na ndugu waonekanao wakija mara kwa mara, ni ukuta wake. Fedha za kila mwezi hazimlindi hivyo. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni, na ni jambo jema sana. Lakini noti haichoti maji wala haishuhudii mbele ya wanakijiji.

Na huyo mtu wa kulala naye ni nani? Mara nyingi ni mjukuu wa kike. Huondolewa kwa wazazi wake, huchota maji, hupika, humwogesha bibi. Na siku bibi akiugua haendi shule. Ndugu wa mjini husema, "Tumempelekea mama mtu." Hapana shaka mama ametunzwa. Lakini deni hilo lilikuwa la watu wazima, nao wamelilipa kwa utoto wa binti asiyedaiwa. Naona ni heri mara mia kumwajiri mwanamke mzima wa kijijini kwa ujira wa haki. Kuajiri mkono wa mtu si kumtupa mzazi, maadamu unajua mzazi amekula nini na amelalaje.

Dini yetu, katika Sura ya Bani Israil, yaamrisha kwamba wazazi wafikapo uzee wasikemewe, bali wasemeshwe kwa heshima. Na sijui heshima gani isiyoanza kwa kuwauliza. Mzee mwenye akili timamu akisema, "Nitakaa hapa yalipo makaburi ya watu wangu, hata nikianguka," ana haki hiyo. Woga wetu usiwe amri juu yake. Tuwezalo ni kuipunguza hatari: kuni zikatwe, maji yasogezwe, mlango utiwe komeo. Ila haki yake haifiki mpaka kumnyang'anya mwingine maisha yake, nasi twaweza kumwambia hivyo pia kwa adabu. Lakini akili ikishapotea hakuna tena wa kuulizwa. Kwa hiyo swali hili ni la kuuliza mapema, akiwa bado anapalilia maharage yake.

Basi kikao cha ndugu kikiitishwa, mzee na akae ndani yake, asiwekwe chumba cha pili. Na kabla hajatajwa mjukuu wa kumpelekea, binti huyo aitwe aulizwe yuko darasa la ngapi.