Watoto Watacheza Tena Njiani



Nabii Zakaria aliishi wakati Wayahudi walipokuwa wamerudi kutoka uhamisho wa Babeli, nao waliukuta mji wa Yerusalemu ukiwa mabomoko. Mungu akawaahidi ya kwamba atakaa tena kati yao. Je, aliwapa alama gani? Katika sura ya 8 ya kitabu cha nabii huyo hakutaja mahali pale askari wala dhahabu. Alisema wazee watakaa tena njiani, kila mtu na fimbo yake mkononi, na njia za mji zitajaa watoto, wa kiume na wa kike, wakicheza. Lifikirini neno hilo, kisha sikilizeni habari hii.

Kwetu Katanga mvua huanza mwezi wa Novemba, huisha mwezi wa Aprili. Usiku mmoja wa Desemba maji yaliuingilia mtaa ninaofundisha, hapa Lubumbashi. Nyumba za matofali mabichi zililainika kama bukari, zikaanguka. Watu waliokoka, lakini magodoro, unga na daftari za watoto vilipotea. Kwa majuma mengi watoto walilala wamebanana katika madarasa ya shule yetu ya misioni. Hawakuimba, hawakucheza. Mvua ilipogonga mabati, wadogo walilia.

Ndipo sisi wa shirika tukakata shauri: sikukuu ya Mtakatifu Yohane Bosco, tarehe 31 Januari, tutawafanyia watoto siku ya michezo. Mzee mmoja alitukataza, akisema, “Mwalimu, watu hawana paa, nawe wataka ngoma?” Nilimjibu, “Baba, paa tutajenga. Lakini mtoto aliyesahau kucheka, naye ni nyumba iliyoanguka.” Mzee akanyamaza, kisha akaleta kamba yake ya kuvutana.

Yohane Bosco mwenyewe, alipokuwa mtoto kijijini kwao Italia, alitembea juu ya kamba mbele ya wenzake, akawaongoza katika Rozari, akawarudilia mahubiri ya Padre. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoushika mji wa Torino, aliwatuma vijana wake wakubwa kuwahudumia wagonjwa. Wanawe, Wasalesiani, walifika mjini kwetu mwaka 1911, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Basi mtakatifu huyu alijua ya kwamba mchezo na sala na kazi ya huruma ni ndugu watatu.

Tulitayarisha kwa uangalifu. Akina mama walichemsha maji tangu jana yake, kwa maana visima vilikuwa vimechafuka, na kipindupindu hupita katika maji machafu. Tuliweka ndoo na sabuni penye lango. Vijana walifukia mashimo uwanjani. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina ya watoto wote.

Na hapa, ndugu zangu, naungama kosa langu.

Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa, yatima, anayekaa na nyanya yake. Nyumba yao ilibaki imesimama, nazo za jirani zikaanguka. Watu wakaanza kunong'ona, “Kwa nini yao peke yake? Huyu mtoto ndiye aliyeita maji.” Mama kadhaa wakaniambia, “Akija yeye, wetu hawaji.” Nami kwa kutaka amani sikuliandika jina lake. Nilijidanganya nikisema, hii ni busara. Kumbe, ilikuwa woga.

Siku mbili kabla ya sikukuu yule nyanya alikuja na sahani ya karanga kwa ajili ya watoto. Akauliza kwa upole, “Mwalimu, mjukuu wangu umemwandika?” Sikupata jibu. Nilimfundisha mtoto huyo Amri za Mungu, nami mwenyewe nilikuwa nimemtupa nje. Nikachukua kalamu, nikaliandika jina lake mbele ya macho yake.

Jioni ile nikawakusanya wakubwa, nikawauliza, “Nyumba ile imejengwa wapi?” Wakasema, “Juu ya kichuguu.” “Na zetu?” Wakatazamana. Zetu tumezijenga bondeni, karibu na mashimo tuliyochimba udongo wa matofali, na mifereji tumeijaza takataka. Maji hayaitwi na mtoto. Maji hufuata bondeni. Kisha nikawakumbusha mnara wa Siloamu, ulioanguka ukawaua watu 18. Bwana Yesu alisema wazi, katika Injili ya Luka, sura ya 13, ya kwamba watu hao hawakuwa wakosefu kupita wengine. Akawaita wasikilizaji wake watubu wao wenyewe. Nikawaeleza pia ya kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda.

Siku ikafika. Baada ya Misa watoto walikimbia ndani ya magunia, wasichana wakacheza nzango, wavulana wakashindanisha vigari vya waya. Tulikunywa munkoyo. Mama wanne waliwashika watoto wao mikono, wakaenda zao. Yule mtoto alisimama chini ya mwembe, kigari chake mkononi, hasogei. Ndipo mzee yule wa kamba, ambaye nyumba yake ilianguka yote, akamwendea, akamwambia, “Mjukuu wangu, upande wetu hauna nguvu. Njoo tuvute.” Akaja. Upande wao ulishindwa, wakaanguka wote matopeni, wakacheka.

Sisemi ya kwamba yote yamepona. Wako ambao hata leo hawamsalimu nyanya yule. Lakini mama wawili kati ya wale wanne wamekuja kuniuliza juu ya mifereji.

Wapendwa, ninyi mnajitayarisha kwa Ubatizo. Siku ile mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na kazi zake zote. Kumsingizia mdogo asiye na mtetezi ni kazi yake. Basi jifunzeni maneno haya:

Swali: Msiba ukitupata, tumtafute nani wa kumlaumu?
Jibu: Tutafute sababu yake kwa akili, tutubu makosa yetu, tusimsingizie mtu.

Swali: Mtoto yupi aachwe nje ya furaha ya wenzake?
Jibu: Hakuna, kwa maana Bwana Yesu aliwaita watoto waje kwake, wala hakuchagua.

Swali: Nifanye nini juma hili?
Jibu: Nimtafute mtoto mmoja anayekimbiwa na wengine, nimwite kwa jina lake.

Mungu awajalie moyo wa mapendo, hata njia za vijiji vyenu zijae watoto wakicheza. Amina.