Fungu la Binti

Katika kisiwa cha Pemba, mtu akifariki na kuacha mikarafuu, hapana anayethubutu kusema kwamba mabinti zake hawana haki. Mafungu yamekwisha kuwekwa na sheria ya dini: mwana wa kiume mawili, wa kike moja. Ndiyo maana, tangu zamani, wako wanawake wa Kipemba wenye mikarafuu yao wenyewe. Twaanza na jambo hili kwa kuwa watu wa mbali hudhani kwamba jamii inayompendelea mwana wa kiume humnyima binti kila kitu. Sivyo. Binti wa Pemba hupewa mti. Alichocheleweshewa ni kalamu.

Na tutazame yanayofuata baada ya mirathi kugawiwa. Msimu ukiwadia, karafuu huchumwa, zikachambuliwa makonyo usiku na wanawake na watoto, kisha zikaanikwa majamvini hata zikakauka barabara. Mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968. Kituoni karafuu hupimwa, hupangiwa daraja, na karatasi ikaandikwa. Mwenye mti asiyejua kusoma humtuma kaka, mume au mtoto wa nduguye, naye hurudi na fedha na maneno: uzito ulikuwa huu, daraja lilikuwa hili. Pengine ni mkweli. Aghalabu ndugu zetu ni wakweli. Lakini haki ambayo mwenyewe hawezi kuijua mpaka asimuliwe na mwingine imekwisha kugeuka hisani. Fungu alilowekewa na Mola wake hulipokea kwa kiasi cha uaminifu wa aliyetumwa.

Hapa ndipo swali letu lilipo. Mafungu ya mali tunamjua aliyeyaweka. Mafungu ya elimu yaliwekwa na nani? Chuoni kwa maalim watoto wa kike na wa kiume walisomeshwa juzuu zile zile, na hapana aliyesema binti aishie nusu ya msahafu. Wala kalamu katika mkono wa mwanamke wa pwani si jambo lililoletwa na merikebu za Wazungu: Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Hata hivyo, skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, wazee wengi walisita. Walisema binti akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Hoja hiyo twaona ilikuwa na ukweli mmoja ambao wenyewe hawakuukusudia: walikiri kwamba ajuaye kuandika hahitaji mtu wa kumsemea.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi, kwa sababu husemwa na wazazi wenye huruma lakini maskini: mwana wa kiume atabaki, wa kike ataolewa, na faida yake itakuwa ya watu. Hatuwacheki wazazi hawa. Mwenye ada ya masomo ya mtoto mmoja hana budi kuchagua. Ila hesabu yao haitazami maisha ya Kipemba yalivyo. Talaka kwetu si jambo geni. Binti aliyeachwa na watoto watatu hurudi kwa nani? Na mzee akiugua, ni nani agandaye kitandani pake, ni yule mwana aliyekwenda Dar es Salaam au Maskati kutafuta, au ni yule binti aliyehesabiwa kuwa wa watu?

Mwalimu msomaji atatuambia kwamba haya yamepitwa na wakati. Elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na siku hizi katika madarasa mengi ya sekondari wasichana ni wengi kuliko wavulana, ambao baadhi yao huyaacha madawati wakaenda dago au kuchuma karafuu. Atatutajia na Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye katika utoto wake aliwahi kusoma skuli ya Ziwani, Pemba. Yote ni kweli, na yanatufurahisha. Lakini upendeleo haufi kwa kushindwa mlangoni mwa skuli, huhamia jikoni. Watoto wawili, kaka na dada, wanajitayarisha kwa mtihani mmoja. Kaka hurudi akalala, akaamka, akashika daftari. Dada hurudi akateka maji, akapika, akaosha vyombo, na kukiwa na bamvua hutangulia na mama yake pwani kwenye mwani. Taa anayoisomea kaka, dada huipata imebakiwa na mafuta kidogo.

Wote wawili wameandikishwa, na hesabu za wizara zitawaonyesha kuwa sawa. Tungependa mwalimu wa Micheweni au Kengeja, anapomwita mzazi kuzungumza juu ya binti aliyeanguka katika hesabu, asianze na hesabu. Amuulize kwanza nani aliyeteka maji jana.