Ukiziba njia, umeziba haki ya nani?

Miongoni mwa mambo yanayowagombanisha majirani katika miji yetu siku hizi, ukiacha maji machafu na muziki wa usiku, ni namna watu wanavyoegesha magari. Ni jambo dogo, atasema mtu. Kuna umasikini, kuna maradhi, kuna vijana wanaopotea, nawe mwandishi unakaa kuandika habari za gari lililosimama mlangoni kwa watu! Lakini mwenye kusema hivyo nadhani hajawahi kutoka usiku na mgonjwa mgongoni akakuta uchochoro umezibwa. Isitoshe, dini yetu haikulifanya jambo la njia kuwa dogo. Mtume (s.a.w.) alipotufundisha kuwa imani ina matawi mengi, alilitaja na lile la chini kabisa, nalo ni kuondosha njiani kitu chenye kuudhi. Hebu tulitazame hilo kwa upande wa pili. Ikiwa kuondoa jiwe njiani ni katika imani, mtu anayeleta jiwe la kilo elfu moja na mia tano, akalifunga kwa ufunguo na kwenda kulala, amefanya nini?

Nizungumzie Dar es Salaam, maana ndiyo ninayoijua. Mitaa yetu mingi ya zamani, Magomeni, Temeke, Buguruni na kwingineko, ilijengwa wakati gari la mtu binafsi lilikuwa kitu cha kuhesabika. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, korido katikati, ua nyuma na baraza mbele. Mahali pa gari hapamo. Kisha biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa miaka iliyofuata, magari yaliyokwishatumika Japan yakaanza kushushwa bandarini kwa wingi. Watu wakanunua, na hakuna ubaya, gari ni neema. Tatizo ni kwamba neema iliongezeka na njia ikabaki ile ile.

Fanya hesabu ndogo tu. Chukua njia ya mita tano, na mitaani kwetu hiyo ni njia pana. Gari dogo la Kijapani lina upana wa karibu mita 1.7. Likiegeshwa upande mmoja inabaki mita 3.3, na watu wanapita. Akija mwingine akaegesha upande wa pili, mkabala na la kwanza, inabaki mita 1.6. Land Cruiser ya kubebea wagonjwa inahitaji karibu mita 1.8. Gari la zimamoto ndiyo kabisa, lina takriban mita mbili na nusu. Kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuipiga 114 kwa simu zote ulizonazo, na waokoaji wakaishia kusimama barabara kubwa wakiutazama moshi.

Ajabu ni kwamba hesabu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliagiza kuwa watu wakihitilafiana kuhusu njia, basi iachwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, yaani nusu mita kasoro. Saba ni mita tatu na ushee. Wanavyuoni wameeleza kuwa hicho ni kiasi cha kutosha mizigo kuingia na kutoka. Tazama sasa, njia ya mita tano yenye gari upande mmoja inabakiza dhiraa saba takriban kamili! Gari la pili ndilo linaloila.

Mtaani kwetu palikuwa na Noah. Sitamtaja mwenye nayo, na wala si mtu mbaya; ukifiwa anakuja, ukiwa na harusi anachangia. Ila kila usiku aliipaki kwenye mdomo wa uchochoro kwa sababu pale kuna taa na anaiona dirishani. Majirani walilalamika, lakini walilalamika wao kwa wao. Kumwendea waliogopa, na hofu yenyewe ni ya kiswahiliswahili: ukimwambia mtu kuhusu gari lake utaonekana una husuda. Hadi usiku mmoja binti wa nyumba ya nne alipopata uchungu. Bajaji ikashindwa kuingia. Mwenye Noah alikuwa safarini na ufunguo anao yeye. Binti alibebwa kwenye kiti cha plastiki, watu wanne, akapitishwa ubavuni mwa gari huku mgongo wa mbebaji mmoja ukikwaruzwa na ukuta. Alijifungua salama, alhamdulillahi, lakini mama yake hakuisahau njia ile.

Asubuhi vijana walikuwa na dawa yao tayari. Wengine walitaka kutoa upepo matairi yote manne. Mmoja alikuwa na msumari, akasema atamwandikia ujumbe kwenye bodi, ujumbe ambao hautafutika kwa maji. Wazee nao walikuwa na dawa yao, nayo ni ile ya siku zote: tusubiri, jirani ni jirani, Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri. Nami nasema, kwa heshima zote, kwamba dawa zote mbili zilikuwa na kasoro, na kasoro yake ni moja.

Tuanze na wazee. Subira ni jambo tukufu, na kusamehe ni bora kuliko kulipiza, Qur'an imelisema hilo mara nyingi. Lakini nani anasamehe nini? Mtu akinitukana, tusi ni langu na msamaha ni wangu. Akichelewa kunilipa deni, naweza kumwachia. Njia si yangu. Ni ya binti mwenye uchungu, ya mtoto wa shule, ya kipofu anayepapasa ukuta, ya muuza maji na mkokoteni wake, na ya mtu wa mtaa wa tatu ambaye atapita kesho kutwa na hatujui jina lake. Wanavyuoni wa fiqhi walipogawanya haki, ziko za Mwenyezi Mungu na ziko za waja, wengi wao wameyaweka mambo yenye maslahi ya umma katika fungu la kwanza, ili mtu mmoja asije akayagawa kwa ukarimu wake. Basi mzee anaposema "tumsamehe", anasamehe kwa mali ya nani? Huo ni ukarimu wa kutoa sadaka mfukoni mwa mwenzako. Na tukiwa wakweli, mara nyingi si hata ukarimu. Ni kuogopa maneno, tukakuvisha kuogopa huko kanzu ya subira.

Na vijana? Kwa sababu ile ile. Ikiwa haki si yako peke yako kuisamehe, si yako peke yako kuilipizia vilevile. Tena, kutoa upepo matairi hakufungui njia! Gari lisilo na upepo linaziba uchochoro vizuri zaidi kuliko lenye upepo. Hapo ndipo utaona kwamba kijana hakuwa akiitafuta njia, alikuwa akitafuta kupoza moyo wake. Ipo kanuni mashuhuri iliyotokana na hadithi kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, na Dola ya Uthmaniya ilipokusanya sheria zake za muamala katika Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, iliiweka kanuni hiyo mwanzoni kabisa, pamoja na nyingine isemayo kuwa dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Msumari kwenye bodi ni dhara la pili. La kwanza liko pale pale.

Tufanye nini basi? Abu Dawud amepokea kisa ambacho ningependa kila mwenyekiti wa mtaa akijue. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kumlalamikia jirani yake anayemuudhi. Akaambiwa arudi akasubiri. Akarudi tena mara mbili au tatu. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwelekeza akatoe vyombo vyake vya nyumbani na kuviweka njiani. Akafanya hivyo. Wapita njia wakawa wanamuuliza kulikoni, naye anawaeleza, nao wanamlaumu na kumlaani yule jirani. Haukupita muda jirani akaja mwenyewe, akamwomba arudishe vyombo vyake ndani, na akaahidi kuwa hataona tena jambo la kumchukiza.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nastaajabia kitu kimoja: mlalamikaji hakuambiwa aguse hata kijiko cha jirani. Vilivyotolewa nje ni vyombo vyake mwenyewe. Aibu ya kulala nje ameibeba yeye kwanza. Na hakuanza na hilo, alianza na subira, tena si mara moja. Lakini subira ile ilikuwa na mwisho, na mwisho wake haukuwa ngumi, ulikuwa macho ya watu. Jambo la gizani lilitolewa mwangani.

Hapa kuna ugumu wetu wa leo. Jirani wa Madina alikuwa na uso, watu walimjua na yeye aliwajua. Dereva wa mjini amekaa nyuma ya vioo vyeusi, kiyoyozi kinavuma, honi anazisikia kama mvua ya mbali. Nasi tumejibu kwa kujificha vilevile: tunaandika karatasi yenye maneno makali, tunaibana chini ya waipa, bila jina, kisha tunachungulia dirishani kuona atafanyaje. Karatasi isiyo na jina ni kioo cheusi cha upande wa pili. Mwenye gari anaisoma, anatazama huku na huku, anaona mtaa mzima kuwa adui, na kesho anapaki pale pale kwa ukaidi. Bora kumgongea mlango mchana, baada ya Alasiri mathalani, mkiwa wawili au watatu, mmoja wenu awe mtu anayemheshimu, mkasalimiana na kukaa, kisha mkasema. Asiposikia, lifikishwe kikao cha mtaa na lizungumzwe yeye akiwepo. Akizidi kukaidi, ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kumwita askari si kumhasidi mtu.

Kwetu halikufika huko. Mama wa yule binti alikwenda mwenyewe, na mjukuu mkononi, akamwomba mwenye Noah wafuatane tu hadi kwenye uchochoro aone mahali mbebaji alipokwaruzika. Hakumtukana. Watu walikuwa barazani wakitazama, bila kuitwa. Gari sasa hulala kituo cha mafuta, mlinzi hupewa chochote, na mwenyewe hutembea dakika sita.

Nisije nikaonekana nawasema wengine. Siku ya Ijumaa sisi wenyewe ni hodari wa kuziba. Nani hajasikia kipaza sauti kikitangaza katikati ya mambo kwamba mwenye gari nyeupe namba fulani anaombwa akalitoe, na mwenye gari ametulia safu ya pili akitumaini kuwa anatangaziwa mwingine? Hoja ni kwamba ni ibada, tena ni dakika chache. Lakini mwenye duka aliyezibiwa mlango hakuombwa ruhusa, na huenda hata si Muislamu. Kwake yeye, hilo gari ndilo somo la Uislamu la wiki hiyo. Wanavyuoni wetu walikwishajadili swala ya mtu aliyesimama katika ardhi aliyoipora: jamhuri wakasema inasihi naye ana dhambi, na mashuhuri kwa Mahanbali ni kwamba haisihi. Sisemi kuwa swala ya mwenye gari imebatilika, maana yeye kaswali msikitini na aliyepora ni gari lake. Nasema tu kwamba watu hao walikuwa na hofu ya kupora mahali hata kwa ajili ya kusujudu.

Liko na hili la tabaka, halisemwi sana. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara nyingi za Dar es Salaam kwa hoja kuwa wameziba njia za waenda kwa miguu. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pita leo baadhi ya sehemu walizoondolewa uangalie kimesimama nini. Mama mwenye meza ya vitumbua alichukua nusu mita na alikuwepo pale kuisogeza ukimwomba. Gari limechukua mara tatu ya hiyo, na mwenyewe yuko ghorofa ya tano. Kama njia ni ya wote, haiwezi kuwa ya wote kwa mwenye meza na ya mtu binafsi kwa mwenye usukani.

Atasema mwenye gari: nyumba yangu haina uwanja, nilaze wapi? Swali lake ni la haki, na halmashauri zetu zinapaswa kulisikia. Ila wakati wake mzuri ni kabla ya kununua. Japan, huko yanakotoka mengi ya magari haya, tangu mwaka 1962 iko sheria inayomtaka mtu athibitishe kuwa ana mahali pa kuliegesha gari nje ya barabara, na leo pasizidi kilomita mbili kutoka anapoishi. Ukiacha magari madogo sana, na baadhi ya maeneo, bila hati hiyo ya polisi gari halisajiliwi. Kwa maana hiyo Noah kama ile ya mtaani kwetu, kabla haijapakiwa melini, ilikuwa na mahali pake pa kulala, pameandikwa. Sisi tuliiagiza na jeki yake na tairi la akiba.