Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Aliyepata kusomesha Kiingereza katika skuli za pwani yetu hakosi kukutana na mwanafunzi aandikaye, kwa moyo mkunjufu kabisa, "I used to pray five times a day", na muradi wake ni kutwambia kuwa yeye husali sala tano; wala hajui, maskini, kwamba mbele ya Mwingereza aisomaye sentensi hiyo amekwisha kujishuhudia kuwa zamani alikuwa akisali na sasa ameacha. Mwalimu akimsahihisha, ikawa "I am used to praying", sala hurudi, lakini hairudi ile ile: si amali tena aitendayo, bali ni hali isiyomtaabisha, kama mtu alivyozoea joto la kaskazi au kelele za jirani.

Zamani Waingereza wenyewe waliweza kusema "he uses to go", na maana ikawa "yeye huenda". Matumizi hayo yakafifia, ukasalia wakati uliopita peke yake, kana kwamba mazoea hayatambulikani ila yakisha kuondoka.

Sisi tuna "hu", silabi ambayo tangu utotoni twaitamka bila ya kuitazama. Mimi husali, wewe husali, wale husali: "ni" imeondoka, "u" imeondoka, "wa" imeondoka, na kama mtendaji hakutajwa nje ya kitenzi, hajulikani ni nani, na wakati nao haumo, si jana wala leo. Tendo likisha kuwa desturi, lugha yetu humtoa mwenyewe ikalibakisha tendo.

Hapo ndipo sarufi inapokutana na fikihi. Wanazuoni wametufunza kuwa kinachopambanua ada na ibada ni nia, kwani maji ni yale yale, na mwili ni ule ule, kwa aogaye kuondoa janaba na kwa aogaye kuondoa joto. Na neno lenyewe "ada", kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu kinachorejea. Basi sala inayorejea mara tano kila siku, ulimi ukiisoma Fatiha na moyo ukihesabu deni la duka, ni ya nani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona shaka hilo katika kitabu chake Ihya: huduri ya moyo kwake ni roho ya sala, ila alikiri kuwa mafakihi, kwa kuujua udhaifu wa watu, wameridhika nayo hata ikiwapo wakati wa takbiri tu.

Hata hivyo siwezi kuyadharau mazoea. Mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka saba, umri ambao goti hujua njia ya kwenda chini kabla akili haijajua kwa nini, na lau tungengoja mpaka aelewe, wengi wetu tungekuwa tungali twangoja. Namwachia mwanafunzi yule "husali" yake, maana ndiyo iliyomfikisha msikitini. Lakini asimamapo kwenye safu akanuia, husema "Nasali fardhi ya adhuhuri". Na mimi, katika miaka yangu yote, sijapata kumsikia mtu akinuia kwa "hu".