Sanamu na Damu

Hapa Kapalata watu hubishana: je, yafaa kumsimamishia Patrice Lumumba sanamu? Wengine husema: alitupigania, akauawa tarehe 17 Januari 1961, astahili. Wazee hujibu: mwaka 1964, mbele ya ukumbusho wake mjini mwetu, waasi Simba waliua watu wengi. Nasi twasemaje? Lumumba alikuwa amekwisha kufa. Damu ile si deni lake. Lakini machozi ya wajane nayo ni ya kweli. Sisi Wakristu twajua kwamba jiwe haliheshimiwi kwa ajili ya jiwe. Basi, amheshimuye Lumumba na awaombee pia waliouawa mahali pale. Akikataa, amelipenda jiwe tu, wala si haki aliyoidai Lumumba.