Kinachodumu Katika Nyumba: Vuga, Lushoto na Swali la Urithi

Nyumba ya kale huibua swali gumu la falsafa: je, inabaki kuwa ileile kwa sababu ya vitu ilivyojengewa, kwa sababu ya umbo lake, au kwa sababu ya watu wenye haki na wajibu wa kuitunza? Katika Milima ya Usambara swali hili lina mifano miwili iliyo jirani. Wa kwanza ni Vuga, mji wa watawala wa ukoo wa Kilindi, uliojengwa kwa miti, udongo na majani. Wa pili ni Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm II, wakaifanya makao ya utawala wa wilaya na kujenga humo majengo ya kuta nzito.

Mapokeo ya Washambaa yanasema kwamba ukoo wa Kilindi ulianzishwa katika karne ya 18 na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Simulizi hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Dola ilifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Vuga Februari 1857, na Burton aliandika kwamba aliambiwa mji huo ulikuwa na nyumba zipatazo 500 na watu 3,000.

Nyumba zenyewe zilikuwa za msonge. Fito zilipangwa kwa mviringo na kukandikwa udongo, paa likaezekwa kwa majani, na ndani kukawa na dari la kuwekea chakula juu ya meko. Moshi wa meko hayo ulikausha nafaka na kufukuza wadudu waharibifu wa paa. Hata hivyo majani huoza na fito huliwa na mchwa, kwa hiyo kila kizazi kiliezeka na kujenga upya mara nyingi. Vuga ilidumu kwa kurudiwa. Udongo na majani vilibadilika, lakini mahali, mpangilio na madaraka ya wakazi wake viliendelea. Hapo ndipo wafalme walipozikwa, na mfalme wa Kishambaa aliaminiwa kuwa na nguvu juu ya mvua, na kwa hiyo juu ya shibe na njaa ya nchi. Kuijenga Vuga upya ilikuwa sehemu ya utawala na ya ibada.

Moto uliiteketeza Vuga mwaka 1898, na mji haukurudia ukubwa wake wa zamani. Ukosefu wa miti na majani hautoshi kueleza jambo hilo, kwani vyote vilipatikana milimani. Miaka mitatu kabla ya moto, Wajerumani walikuwa wamemnyonga mtawala wa Vuga, Mputa. Mwaka uleule wa moto kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni, na aliyekosa fedha aliweza kuilipa kwa kazi. Mamlaka ya kuita watu wajenge yalikuwa yamehamia kwa mgeni. Vuga inaonyesha kwamba nyumba ya aina hii hufa pale haki ya kuijenga tena inapovunjwa, hata kama ufundi na vifaa vingalipo.

Makaburi ya Kasubi nchini Uganda yanathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Jengo kuu la majani, lililojengwa mwaka 1882 kama kasri la Kabaka Mutesa I na baadaye likawa kaburi lake, liliungua Machi 2010. Lakini ufalme wa Buganda ulikuwapo, pamoja na koo zenye zamu na kazi zake katika ujenzi huo. Jengo likasimamishwa tena, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Fikra za Ulaya kuhusu majengo ya kale zilianzia kwingine. Mwaka 1903 Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Austria, alitofautisha thamani ya umri, inayoonekana katika nyufa na uchakavu, na thamani ya kihistoria, inayolifanya jengo kuwa ushahidi wa wakati wake. Azimio la Venice la 1964 liliagiza kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Kwa vipimo hivi, msonge uliojengwa jana hauna thamani, kwa kuwa hauna uchakavu wala kitu cha asili. Hekalu la Ise nchini Japani, linalojengwa upya kila baada ya miaka 20, lingeshindwa mtihani huohuo. Waraka wa Nara wa 1994 ulirekebisha kasoro hiyo kwa kukubali kwamba uhalisi hupimwa ndani ya utamaduni wenyewe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la waziri. Vuga ya Kimweri iko ndani ya mpaka huo, lakini hakuna ukuta wake uliosimama. Majengo ya Wajerumani yamesimama Lushoto, lakini yako nje ya mpaka.

Yapo pia mashaka ya kimaadili: kutunza nyumba ya mtawala wa kikoloni ni kumtukuza? Jibu linategemea kinachotunzwa. Ukuta ni ushahidi wa aliyeamuru na pia wa aliyebeba mawe, na kuubomoa hufuta alama ya wote wawili. Heshima huletwa na maelezo yanayoandikwa juu yake, na maelezo hayo yanaweza kutaja kodi na kazi iliyolipwa badala yake.

Basi kila nyumba hudai uhifadhi wa namna yake. Jengo la Lushoto linahitaji paa lisilovuja, mifereji ya mvua na fundi asiyebadilisha vifaa vyake ovyo. Msonge unahitaji waezekaji wanaofundisha vijana, wazee wanaojua miiko ya mahali, na ruhusa ya kukata fito katika milima ambayo sehemu kubwa ya misitu yake sasa ni hifadhi. Jengo la kwanza likipotea, nakala yake haitakuwa ushahidi uleule. La pili linaweza kupotea na kurudi, mradi jamii yake ibaki na maarifa na mamlaka ya kulirudisha.